Fundi Aliyetwambia Tusubiri Prosesa Mpya

Nyumba yetu ya Mkunazini ina ngazi za giza hata saa sita za mchana, na mtu akipanda unamjua kwa miguu yake kabla hajapiga hodi. Fundi alikuwa anapanda vidato vitatu, anasimama, anapanda vitatu tena. Akisimama yeye kule chini, mimi huku juu nnashika kifua. Hakuwa mtu wa kuja kwangu kwa mazungumzo. Alikuja ama kwa kuwa kompyuta yangu inakata roho, ama kwa kuwa amesikia habari za prosesa mpya inayotengenezwa huko ughaibuni, na mpaka leo sijui katika hayo mawili ni lipi lililokuwa likinitisha zaidi.

Nijieleze kidogo, kwa sababu bila ya hivyo hofu yangu itaonekana ya kipuuzi. Mimi ni mtu wa ndani. Nilimaliza kidato cha nne, nikafaulu kiasi cha kutosha kukaa nyumbani bila ya watu kunionea huruma, na tangu hapo nnatoka kwa maziko na kwa maumivu ya jino. Majirani wananiita mwari, na mwari mwenyewe anakaribia arubaini. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, upande wa wanawake.

Upande huo si wa kila jicho. Kule ndani mabuibui yanavuliwa, nywele ziko wazi, bibi harusi yuko katika pambo lake, na mama mtu mzima aliyekwenda Makka mara mbili anakata kiuno kwa furaha ya mwanawe. Anayepiga picha ni mwanamke, anayehariri ni mwanamke, na kazi ikimalizika nnaikabidhi mkono kwa mkono kwa mama wa bibi harusi, haipiti kwenye simu wala kwenye mtandao. Picha moja tu ikitoroka ikaingia katika simu ya mwanamme asiyehusika, ndoa inaweza kuvunjika kabla hina haijafutika. Na mimi itanibidi nihame mji, mimi ambaye kuhama kochi kunanishinda.

Kwa hiyo mashine yangu haiwezi kwenda kwa fundi wa dukani ikalala huko siku tatu. Sisemi mafundi wa mjini wana macho mabaya. Nnasema wana macho.

Fundi naye alikuwa nayo, lakini alikuwa na adabu ya kuyatumia. Akifika mlangoni huelekea ukutani na kusema, "Funika." Nami huchukua kanga nikaitupa juu ya skrini, ndipo anapogeuka na kuingia. Alikuwa mzee mwembamba, kofia yake safi siku zote, bisibisi mfukoni mwa shati pale ambapo wengine wanaweka kalamu, na mwili wake ulinukia spiriti aliyokuwa akisafishia vyuma. Alikaa chini kwenye mkeka na kuitegea mashine sikio kama daktari. Feni ikikwaruza aliisikia kabla ya kuiona. Pale ilipokuwa hapana budi skrini iwake, alikuwa anatazama sakafu na kuniuliza, "Yaandika nini?" Nami, kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, nnamsomea herufi moja moja. Alikuwa ananisahihisha matamshi huku ameinamia mkeka. Siku moja niliruka mstari mzima kwa kuona aibu ya neno refu, akahangaika na nyaya mpaka adhana ya alasiri, kumbe mstari ule ndio uliokuwa na jawabu. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba nikiolewa, katika mahari niombe kamusi.

Aliniita Bi Harusi. Mtu mwengine angeniita hivyo ningemfungia mlango.

Maadui zake walikuwa wawili, chumvi na joto. Chumvi inatoka baharini, inaingia madirishani bila ya hodi na kuzivika bodi za kompyuta ukungu wa kijani. Alikuwa akiusugua kwa mswaki wa watoto, taratibu, huku akiulaumu mji mzima kwa kujengwa karibu na maji. Kwa ajili ya chumvi alinambia nifunge madirisha. Nikifunga madirisha, joto. Na prosesa, alivyonifundisha, ndicho kile kipande kidogo cha kati kinachofanya hesabu zote za mashine, na kikipata joto sana hujizima chenyewe ili kisiungue. Basi nikawa naishi baina ya adui na adui, nafungua dirisha asubuhi na kulifunga adhuhuri, mkono mmoja kwenye ubavu wa mashine kuipima homa. Nna mpwa aliyewahi kuumwa malaria, sikumpapasa hivyo.

Prosesa yangu ilikuwa nzee. Kila harusi mpya ilikuja na picha kali zaidi, nzito zaidi, na kila mwaka mashine ilichukua muda mrefu zaidi kuzimeza. Nilimwambia Fundi tangu zamani kwamba nataka mpya. Jawabu lake nalijua kama nnavyolijua jina langu.

"Subiri kizazi kijacho."

Prosesa za kompyuta, mwenye kutaka kujua na ajue, zinatoka kwa vizazi kama watu, ila zao ni za haraka. Hiki hakijazoeleka, wanaanza kunong'ona juu ya kijacho. Minong'ono hiyo ndiyo iliyokuwa chakula cha Fundi. Wazee wenzake wa barazani wakigombana kwa mpira, yeye aligombana peke yake juu ya kampuni mbili kubwa zinazotengeneza prosesa, ambazo kwa rangi zao aliziita Wekundu na Mabuluu. Alisikiliza wazungu kwenye video za simu, hajui nusu ya maneno yao, lakini michoro yao aliisoma kama nahodha anavyosoma mawingu. Alikuwa na daftari la shule lenye safu tatu kila ukurasa. Juu ya safu ya kwanza aliandika Nimesikia, ya pili Nimeona, ya tatu Naogopa. Nililichungulia mara moja alipokwenda kutawadha. Safu ya kati ilikuwa tupu, kurasa nzima. Ya mwisho ilijaa mpaka pambizoni.

Na aliogopa kwa ustadi. Alisikia kwamba kizazi fulani kinakula umeme mwingi, akaogopa nyaya za nyumba zetu za zamani. Alisikia kuna kizazi kilichokuwa kikifa taratibu ndani ya mashine bila ya mwenyewe kujua, na tangu hapo kila mashine yangu ilipoganda kidogo alinitazama kama daktari anayeficha jambo. Alisikia kijacho kitabadilisha kikalio chake, ile sehemu ya bodi prosesa inapolala, kwa hiyo ukinunua leo bodi yako ni taka kesho. Hilo lilikuwa kweli, na liliponda moyo wa kila mtu aliyekuwa na mpango wa kununua. Mwalimu mmoja jirani, mwenye kompyuta inayozimika kila anaposahihisha mitihani, aliambiwa asubiri akasubiri vizazi vitatu. Alistaafu kabla ya kununua. Tulikuwa tunamcheka, tena mimi ndiye niliyekuwa nacheka zaidi, mwenyewe mashine yangu inapumua kama pweza nchi kavu.

Lakini siku aliyonitisha hasa ilikuwa siku ya habari za akili mnemba. Alipanda vidato vitatu vitatu, akaelekea ukutani, nikafunika, akakaa. Chai hakuigusa, na yeye alikuwa mtu wa kuimimina kwenye kisahani akainywa ingali inatoa moshi, hana subira nayo hata dakika. Akanambia kwamba prosesa zinazokuja zina chumba cha pekee ndani yake, chumba cha akili. Na kuna mashine, anavyosikia, ambazo kwa akili hiyo zinapiga picha kila unachokitazama kwenye skrini na kukuwekea, ili siku ukiuliza jana uliona nini, zikwambie.

Mimi nilitazama kanga iliyofunika skrini. Nyuma yake mlikuwa na bibi harusi mmoja, nywele mpaka kiunoni, anacheka.

"Si inaweza kuzimwa?" nikauliza.

"Wanasema yaweza."

"Nani wanasema?"

"Wao wenyewe."

"Na wao si ndo waloiweka?"

Fundi akakisogeza kikombe pembeni. Baadaye akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za msiba, kwamba za siku hizi nyengine hazikubali hata kuanza kazi mpaka uziunganishe na mtandao ujitambulishe kwa jina. Mashine yangu haijawahi kuonja mtandao. Waya wake wa kuunganishia Fundi aliukata kwa mkasi mbele yangu siku ya kwanza, nikashuhudia, kama mtu anayekata kitovu. Sasa ananambia zinazokuja zinazaliwa na kitovu kisichokatika.

Sikula vizuri kwa wiki. Niliota wanawake wote niliowahariri, mamia yao, wamekaa barazani kwa wanaume bila ya mabuibui, na mimi ndiye niliyewapeleka. Usingizini pia nilikuwa nimevaa nguo za nyumbani, maana hata ndotoni sitoki.

Kwa hiyo nilikuwa naogopa ya zamani isife na naogopa mpya isiwe na jicho, na baina ya hofu hizo mbili Fundi alinikalisha miaka. Niliwahi kumkasirikia. Nilimwuliza yeye mwenyewe kwake anatumia prosesa gani. Akacheka, akataja kizazi ambacho hata mimi nilikuwa bado naenda skuli kilipotoka. Nikamwambia, basi wewe mambo haya unayajua kwa kusikia. Akasema, "Ndo maana nayaheshimu." Maneno yake mengi yalikuwa hivyo. Ukiyasikia yanatulia vizuri sikioni, na mpaka ateremke ngazi ndipo unapogundua kwamba hujajibiwa.

Hata hivyo hakuna aliyewahi kuzitunza siri za watu kama yeye. Mara moja kanga iliteleza. Feni iliivuta pembe, ikaanguka, na skrini ilikuwa inawaka. Mimi niliganda. Fundi alikuwa ameshafumba macho, mikono juu, bisibisi ikamtoka ikamgonga mguuni, na alikaa hivyo hivyo mpaka nilipofunika na kumwambia mara mbili kwamba nimefunika. Kucha ya dole gumba ilikuwa nyeusi kwa miezi. Watu walipomuuliza alisema ameangukiwa na harusi.

Kisha akaacha kuja. Nilisikia amehamia Mtoni kwa binti yake. Nikimpigia simu alijibu kwa ufupi, nifute vumbi, nisizibe matundu, kijacho kimekaribia. Nilianza kuota tena ile ndoto ya barazani. Nikafanya jambo ambalo sikumwambia: nilimwagiza mpiga picha wangu, mwanamke mwenzangu anayekwenda Dar es Salaam kila mara, aniletee prosesa ya kizazi kilichopo na bodi yake. Akaleta. Nikaliweka boksi chini ya kitanda na sikulifungua nusu mwaka. Nani angeifunga? Mwenye macho ya adabu ni mmoja tu, na yeye ananambia nisubiri. Nikalala juu ya prosesa mpya kama kuku juu ya yai viza.

Jumatatu moja, baada ya adhuhuri, mashine ikazimika. Haikuganda, haikulalamika. Ilitoa harufu ya kibiriti kilichozimwa, ikanyamaza. Niliwasha mara saba. Ndani yake mlikuwa na harusi ya watu wa mtaa wa Amani iliyobaki nusu, na mama wa bibi harusi alikuwa ananijia Ijumaa. Diski yenye picha huenda ni nzima, nilijua, lakini ili nizitoe hizo picha nilihitaji ama mashine nyengine ama fundi mwengine, na fundi mwengine ana macho.

Nikavaa buibui. Nikaifunga mashine kwa shuka, nikalichukua boksi, nikaita teksi. Jirani wa chini aliponiona mlangoni aliuliza nani kafa.

Mtoni alinipokea binti yake, akanikaribisha ukumbini, akaacha mlango wazi na mwenyewe akakaa kizingitini na ungo wa mchele, kama heshima inavyotaka. Fundi alikuwa kwenye mkeka, amekonda zaidi, mikono ameiweka chini ya kikoi.

"Shikamoo."

"Marahaba, Bi Harusi. Imekufa?"

Nikamwambia imekufa. Nikamwekea mashine mbele yake, na juu yake nikaweka boksi. Alilitazama boksi kwa muda. Nilijitayarisha kugombezwa, nilikuwa na majibu yangu yote tangu kwenye teksi.

"Umefanya vizuri," akasema. "Ningekuwa na akili ningekwambia mwenyewe, zamani."

Kisha akaitoa mikono chini ya kikoi, akaninyooshea. Ilikuwa inatetemeka. Haikuwa ya mtu mwenye baridi. Ilipiga kila mmoja kwa mwendo wake, na vidole havikukubali kukutana. Binti yake kule mlangoni aliacha kupepeta.

Alinieleza bila ya kuzunguka. Ilianza kidogo kidogo, miaka mingi nyuma. Kikalio cha prosesa kina vijipini mamia kwa mamia, laini kuliko nywele, na kimoja kikipinda bodi imekwenda. Mzee mmoja wa Mangapwani alimletea prosesa na bodi mpya aliyotumiwa na mwanawe, ili aandikie mambo yake. Prosesa ikamponyoka Fundi vidoleni, ikaangukia kikalio. Vijipini vikalala kama majani yaliyokanyagwa. Akamwambia yule mzee kwamba kizazi kile ndivyo kilivyo, kimekuja kibovu kutoka kiwandani, wangesubiri kijacho.

"Akanamini," akasema. "Akanshukuru, ati nimemuokoa asiharibikiwe zaidi. Tangu siku hiyo sijafungua kikalio cha mtu. Kusugua chumvi naweza, kubadilisha feni naweza. Lakini kila anokuja na prosesa mpya ntamwambia nini? Nikawaambia subirini."

Nilimtazama. Nilimfikiria mwalimu aliyestaafu, na miaka yangu na madirisha yangu. Nilikuwa na haki ya kusema mengi, na mdomo ninao, anayenijua anajua. Lakini nilikuwa nimelala nusu mwaka juu ya boksi ambalo sikuthubutu kulifungua, kwa hiyo nilijua hofu inavyoweza kuvaa kanzu ya hekima ikaamkiwa na watu.

"Na jicho?" nikamuuliza. "Kile chumba cha akili, na kupiga picha?"

"Hilo nilisikia kweli. Lakini si prosesa inayopiga. Ni programu, inawekwa. Diski yako ya zamani haina, na waya tumeukata. Nilijua siku ile ile nilipokwambia." Akainamisha kichwa. "Nilikuona umeogopa, nikaona leo hatoniuliza tena ntamfungia mpya lini."

Hapo nilikasirika. Nilisimama kabisa, nikashika buibui langu. Binti yake akasema kwa upole, bila ya kumtazama mtu, "Baba, msaidie." Na Fundi akasema hawezi kunisaidia kwa mikono, lakini kama nitakaa, mdomo wake hautetemeki.

Nikakaa. Kwa nini, sijui. Ijumaa ilikuwa karibu.

Alinielekeza kidogo kidogo, macho yake yako kwenye vidole vyangu. Niliitoa bodi mpya ndani ya boksi, nikafungua kifuniko cha kikalio na kuviona vile vijipini, vinang'ara kama dagaa waliotandazwa, nikaacha kupumua nisivipulizie. Prosesa niliishika kwa kingo. Akanambia nitafute alama ndogo ya pembetatu pembeni, nayo ilingane na ile ya kwenye bodi, halafu nisiisukume, niilaze tu kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Nikailaza. 

"Sasa rejesha kifuniko, uteremshe ule mkono wa chuma. Utakuwa mgumu. Na utasikia sauti."

"Sauti gani?"

"Mbaya. Kama mtu anatafuna changarawe. Utadhani umevunja kila kitu. Usiache katikati."

Nikaukandamiza. Ulikataa, nikaongeza nguvu, na ile sauti ikaja, kavu, ya kusaga, ikapanda mpaka kwenye meno yangu. Kila kitu ndani yangu kilitaka kuachia. Fundi alikuwa amefumba macho. "Endelea," akasema, na nikaendelea mpaka mkono wa chuma ukaingia chini ya ndoano yake.

Mengine yalikuwa mepesi, bodi kuingia mahali pake, dawa ya kupoza joto, feni, waya, diski yangu ya zamani. Binti akatuletea skrini ya mwanawe na upande wa kanga. Tulipowasha, feni ikazunguka kimya kimya mpaka nikadhani haizunguki. Nikachungulia chini ya kanga. Ilichukua muda, mashine inajifahamisha mwili mpya, kisha mafaili yangu yakatokea moja baada ya moja. Harusi ya Amani ilikuwapo. Nilishusha kanga nikakaa chini.

Sikuwa na maneno ya kumshukuru wala ya kumsamehe, yote mawili yalikuwa mapema. Nilianza kufunga shuka langu. Fundi akaniuliza kama naweza kumfanyia jambo moja kabla sijaondoka. Akaisogeza simu yake kwangu juu ya mkeka. Vidole vyake, alisema, vinabonyeza namba za watu wengine. Nikamuuliza ya nani. Akanitajia, nami nikaitafuta na kuibonyeza, nikaweka sauti ya nje kwa kuwa mkono wake haukuweza kuituliza simu sikioni. Ikaita mara nyingi. Nilimwona anatamani isipokewe, nami kwa uoga wangu nikatamani pamoja naye. Ikapokewa.

"Naam," ikasema sauti ya mzee, na nyuma yake kuku wa shamba.

Fundi akatoa salamu. Akaulizia afya, akaulizia watoto, akamaliza kila kitu kinachoulizwa. Mzee wa Mangapwani, upande wa pili, akawa anangojea. Binti aliuweka ungo chini.

"Ile mashine yako," Fundi akasema, "haikuja mbovu."